Mjomba Ézéchias na Mashini ya Kusaga

Kila asubuhi, hata kabla ya kunawa uso, mjomba Ézéchias alivaa koti lake na kushuka mpaka pale ambapo njia ya Manguredjipa inaingia Butembo. Alisimama chini ya miti ya kaliptusi, mikono mfukoni, akiangalia watu wanaofika. Wengine walibeba godoro kichwani, wengine kuku, wengine mtoto tu. Kila mmoja alimpa salamu nzima, ya kuuliza safari, usingizi na watu wa nyumbani, hata kama mtu mwenyewe hakuwa tena na nyumba. Kisha aliuliza kama hawakukutana na mwanamke anayeitwa Eliane. Wakisema hapana, aliwatakia njia njema na kungoja wengine. Alirudi kwetu wakati uji ulikuwa umeshapoa.

Asubuhi za Butembo ni za baridi. Ukungu unashuka toka milimani na kulala juu ya mabati, na siku nyingine mtu haoni jirani anayefagia. Siku hizo koti la mjomba lilirudi zito, kama limetoka mtoni. Lilikuwa koti jeusi la zamani, la kitambaa kinene, na yeye alilipenda kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu hakuwa na kitu kingine.

Mjomba alikuwa mdogo wa Mama. Alilima mihogo na mpunga mbele ya Manguredjipa, huko kwenye pori. Siku vita ilipofika kijijini kwake, yeye alikuwa kwa shamba la juu na mke wake Eliane alikuwa mtoni, na mimba. Bunduki zililia katikati yao. Watu wenye bunduki walikuwa wa upande gani, mpaka leo hakuna aliyemwambia. Wakati ule pande zilikuwa nyingi. Alikimbia mpaka nyumbani akakuta mlango wazi na sufuria haipo. Koti lilikuwa kwa msumari wake. Alilichukua, akaingia porini. Alizoea kutuambia habari hiyo kwa kifupi, na kila mara alimalizia kwa sufuria. Mtu aliyekufa habebi sufuria, alisema. Kama sufuria haikuwepo, basi Eliane alipita pale kabla yake, na alikuwa na akili ya kufikiri juu ya chakula.

Koti hilo alipewa na baba ya Eliane, mtu wa kanisa, siku ya kuoa. Ndiyo maana hakuliacha mbali na macho. Ndani, upande wa moyo, Eliane alikuwa ameshona mfuko kwa uzi mwekundu, kwa sababu siku ile hakupata mweusi.

Kwetu mjomba alipewa kazi ya mashini. Papa Edmond, baba yetu, alikuwa na mashini ya kusaga mihogo na mahindi, imefungwa kwa buloni za chuma juu ya sima, ile sakafu ya saruji ya chumba cha mbele. Sisi wote tulikula kwa mashini hiyo. Mjomba alibeba magunia ya wateja, alimimina, alikinga bunga, ule unga unaotoka, alifagia. Aliimba nyimbo za kanisa lake kwa Kinande, polepole, na mashini ilipopanda sauti yeye pia alipanda. Wanawake walimcheka, lakini walimpenda, kwa sababu hakuwahi kuchanganya bunga ya mtu na ya mwenzake. Na kabla ya kukaa juu ya gunia la mtu, aliomba ruhusa kwa mwenyewe.

Kuranti, umeme wetu, ilitoka kwa Papa Lusenge, jirani yetu wa bondeni. Alikuwa ametengeneza turbini ndogo kwa mto, na toka pale waya zilipanda juu ya miti mpaka kwa nyumba za kilima chetu. Kila nyumba ilikuwa na dijonkteri yake, kile kisanduku cha ukutani chenye ulimi mweusi unaoruka chini na kukata kuranti kama kitu fulani si sawa. Yetu ilikuwa ya zamani, ilitolewa kwa shamba moja la kahawa la Wabeleji. Papa Lusenge alisema ni ya wale wenye masikio makali: kuranti ikivuja hata kidogo kwenda kwa udongo, inasikia, inaruka.

Sasa, turbini ya mto haijui kupunguza nguvu. Mashini yetu ilikula sehemu kubwa. Dijonkteri yetu ikiruka ghafla, nguvu yote hiyo kwa mara moja ilikosa pa kwenda, ikakimbilia balbu za majirani. Balbu ziliwaka nyeupe kama jua la saa sita, kisha zikafa. Na balbu zilitoka Uganda, kupitia Kasindi, na njia ya Kasindi siku hizo ilikuwa bariere juu ya bariere, vizuizi vya watu wenye bunduki. Kwa hiyo ulimi wetu ukiruka, kilima kizima kilijua, na kilima kizima kilikasirika.

Ulianza kuruka katika mvua za kwanza, muda si mrefu baada ya mjomba kufika.

Haukuruka kila siku. Hilo ndilo lililomchosha Papa. Siku moja mashini ilisaga toka asubuhi mpaka jioni bila shida. Kesho yake ilisaga kidogo, halafu paa, kimya, na kelele za majirani toka chini. Papa alifikiri ni mzigo, akasema wapunguze mihogo. Ikaruka. Alifikiri ni mihogo yenyewe, kwamba wanawake wanaleta isiyokauka, akaanza kuvunja kipande cha kila mmoja na kukipiga karibu na sikio kama daktari. Wanawake waliokataliwa walimwita Dokta. Ikaruka. Alibadilisha waya toka ukutani mpaka kwa mashini. Akalegeza mkanda. Akatafuta panya. Ikakaa kimya siku kadhaa, tukaanza kucheka tena, ikaruka.

Papa Lusenge mwenyewe alipanda siku moja akakaa mbele ya mashini, mikono juu ya magoti. Siku hiyo kulikuwa jua tangu mapema. Mashini ilisaga kama mtoto mwenye adabu. Aliposhuka, mwanamke mmoja kwa foleni alisema labda inamwogopa, afadhali aache kofia yake hapa. Watu walicheka, hata Papa. Kesho yake ukungu ulishuka, dijonkteri ikaruka, na nyumba tatu zikakosa balbu.

Lazima niseme jambo moja juu ya Papa na mjomba. Waliheshimiana sana. Papa alifundishwa na baba yake kwamba ndugu ya mke ni mtu wa heshima, hata akiwa mdogo, hata akiwa amefika bila viatu. Hakumtuma kwa sauti. Hakukaa kwa kiti chake. Na nguo yake hakuigusa kamwe. Hiyo kwa Papa ilikuwa kama kumvua mtu. Mjomba akirudi toka kwa njia ya Manguredjipa, alitundika koti juu ya chuma kirefu cha mashini, kwa sababu mota inatoa joto na pale lilikauka vizuri. Dijonkteri ikiruka, Papa alikuja na tournevis yake, ile bisibisi ya kufungulia mashini, akasimama kando, akasema tu, “Shemeji.” Mjomba alijua. Aliacha gunia, akaja, akatoa koti na kulipeleka jikoni, akiomba radhi. Ndipo Papa akaanza kufungua na kutafuta. Hakupata kitu. Aliinua ulimi, mashini ikaguruma, ikasaga mpaka jioni.

Tuliona hivyo mara nyingi, sisi wote, na hakuna aliyeona kitu.

Kwa foleni maneno yalianza. Mwanzoni yalikuwa ya mzaha. “Mashini yenu ilipata mugeni, njo maana inagoma,” mama mmoja alisema, na mjomba alicheka naye. Baadaye hawakusema tena mbele yake. Walisema kwamba mtu akitoka kule, hajui alichokanyaga njiani. Walihesabu kwamba kabla yake mashini haikuwa na ugonjwa. Hiyo ilikuwa kweli, na ndiyo ilikuwa mbaya. Mama alisikia, akaanza kuwapimia bunga kwa uso wa kufunga.

Mjomba aliacha kuimba. Alimimina mihogo na macho yake yakawa kwa dijonkteri, kama mtu anayeangalia mbwa asiyemjua.

Halafu Papa Lusenge alikuja, na safari hii hakukaa. Alisimama mlangoni. Si mtu mbaya. Alipotoa turbini yake alitoa kwa moyo. Alisema, “Papa Edmond, mi hapana mutu ya matata. Lakini batu banalia kwangu kila siku. Kama inaruka mara moja tena, minakata waya kwa muti. Utasaga na mikono.”

Papa alijibu kwamba ameelewa.

Tulielewa wote. Bila waya, mashini ni chuma. Bila mashini, nyumba yetu ingekuwa na midomo mingi na chungu kimoja. Jioni hiyo mjomba alimfuata Mama jikoni na kumwambia kwamba atarudi Manguredjipa, Jumamosi, akipata watu wa kutembea nao. Aliongea taratibu, kama anaomba chumvi.

“Yaya, dada yangu, tangu nilifika, hii nyumba haikupata amani. Wacha niende. Pengine itatulia.”

Mama hakugeuka toka kwa moto. “Utaenda kufanya nini kule? Kule kuko bunduki. Hapa niko miye.”

Alisema ataenda tu. Mama alijua anaamini maneno ya foleni. Na njia ya Manguredjipa siku hizo haikuwa njia ya kurudi. Watu wote walikuja upande mmoja. Mama alimwambia Papa, na Papa, kwa heshima yake ile, alisema hawezi kumzuia shemeji yake na pia hawezi kumruhusu. Kwa hiyo akanyamaza, na mjomba akaelewa kimya hicho vibaya. Alifikiri Papa anakubali.

Ijumaa ilikuwa siku ya wateja wengi. Papa alikuwa ameitwa kwa kazi ya barabara, ile ya kila nyumba kutoa mtu na jembe. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya parseli, kiwanja chetu, kama moshi wa majani mabichi. Mjomba alirudi toka kwa miti yake ya kaliptusi akiwa ameloa mpaka kwa nyusi, akatundika koti juu ya chuma, akawasha mashini, akatoka nje kuingiza magunia. Mama alibaki kukinga bunga.

Dijonkteri iliruka.

Kelele za majirani zilipanda toka bondeni. Katikati yake mlango wa Papa Lusenge ulifungwa kwa nguvu; tuliusikia toka kwetu. Wanawake kwa foleni waliangalia chini. Mjomba alikuwa bado nje, mbali, na gunia begani.

Mama hakungoja. Mjomba ni mdogo wake, alimbeba mgongoni, nguo zake alizifua tangu akiwa wa kutambaa. Heshima ya Papa haikumhusu. Alienda moja kwa moja kwa sanduku la kuwashia, lile linalokaa kwa mguu wa mashini, na alisukuma koti kando kwa mkono kama mtu anayefungua pazia. Mkono wa koti ukamwaga maji juu ya vidole vyake.

Alisimama. Akaangalia mkono wa koti. Ulikuwa unaning’inia juu kabisa ya sanduku, na tone lilikuwa linajikusanya kwa ncha yake. Akaangalia sanduku. Juu yake bunga ilikuwa imegeuka gundi, na gundi hiyo ilikuwa na tabaka, ya leo juu, mbichi, na chini ya zamani, ngumu, ya kijivu. Katikati ya gundi kulikuwa njia ndogo ambayo maji yalijichongea mpaka kwa ufa wa kifuniko.

Papa aliiona gundi ile mara nyingi. Alisema baadaye kwamba alifikiri ni bunga ya wale wanawake wa mihogo mibichi.

Mama alitoa koti pale. Alilishika kwa mikono miwili, mbali na mwili, na maji yakadondoka juu ya sima.

Papa Lusenge aliingia bila kupiga hodi, na pensi mkononi, ile ya kukatia waya. Hakusalimu. Mama naye hakusalimu. Alimwonyesha gundi, akamwonyesha koti, akasema maneno machache. Papa Lusenge aliinama. Alipangusa vidole kwa suruali, akafungua kifuniko, na ndani, chini ya viungo vya waya, kulikuwa maji. Si mengi. Yangejaza kijiko, na joto la mota lingeyakausha kabla Papa hajafika hapo na tournevis yake.

Mama alisema, kama haamini, atatundika koti tena na kuwasha, aone mwenyewe.

“Acha, Mama Katungu,” Papa Lusenge alimwambia Mama. “Mi ninaamini. Ni balbu njo hapana zinaamini.”

Mwanamke wa kwanza kwa foleni alianza kucheka, halafu wa pili. Kilikuwa kicheko cha watu waliokaza tumbo muda mrefu.

Mjomba aliingia wakati huo. Aliona pensi. Aliona koti lake mikononi mwa Mama na watu wote wakiliangalia. Uso wake ulikufa. Alishusha gunia polepole, akasema kwamba hakuna haja ya kukata waya, yeye anaondoka leo leo, wasingoje kesho.

“Kaa chini,” Mama alimwambia. “Hapana weye. Ni koti.”

Hakuelewa. Papa Lusenge alimwonyesha tena tangu mwanzo, sanduku, ufa, maji, akiongea kama mtu anayefundisha mtoto kufunga kamba, na hasira yote ilikuwa imemtoka. Siku za jua koti lilikuwa kavu, hakuna kitu. Siku za ukungu maji yalishuka kidogo kidogo. Na kila mara kabla ya kutafuta ugonjwa, walimwita mwenyewe atoe ugonjwa.

“Donc ni koti,” mjomba alisema.

“Njo koti.”

Alikaa juu ya gunia. Kwa mara ya kwanza hakuomba ruhusa kwa mwenye gunia. Alifunika uso kwa mikono miwili iliyojaa bunga, na alipoitoa alikuwa mweupe mpaka kwa nywele. Wanawake walicheka zaidi, na yeye pia alicheka, mpaka mabega yakatetemeka, na hakuna aliyeuliza kama bado ni kicheko.

Papa aliporudi na jembe lake aliambiwa habari na kila mtu kwa wakati mmoja. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, “Kumbe. Niligusa kila kitu ndani ya hii nyumba, isipokuwa kile.” Akaenda kutafuta msumari. Alipiga msumari mkubwa jikoni, upande wa moto, mbali na mashini na mbali na waya, na alimwomba shemeji aje aone kama urefu unamfaa.

Jumamosi ikapita na mjomba hakwenda popote. Mashini ilisaga. Ilisaga siku za jua na siku za ukungu. Wanawake ambao walikuwa wamehamia kwa mashini ya ng’ambo walirudi, mmoja mmoja, kama hawakuwahi kuondoka, na Mama aliwapokea kama hakuona. Foleni ilijaa mpaka nje, na foleni ikiwa ndefu watu wanakaa, na wakikaa wanaongea.

Hivyo ndivyo alivyofika Jokébed. Alikuwa mwanamke mfanyabiashara wa Beni, alipanda Butembo kununua maharagi na viazi, na kamyo yake, lori la mizigo, iliharibika. Alikuja kusagisha mahindi ya kula njiani. Alikuwa wa maneno mengi. Alisimulia joto la Beni, askari wa kila aina, bei ya mafuta ya mawese. Akasimulia wakimbizi waliolala kwa parseli ya kanisa lake, waliotokea porini kwa upande wa Mangina. Mama alikuwa anakinga bunga. Aliita, “Ézéchias, leta kifagio.”

Jokébed akageuka. Akauliza huyu Ézéchias ni wa wapi.

Akaambiwa wa Manguredjipa.

Alisema kwamba kule kwa kanisa kuko mama mmoja kijana, kila akiomba anataja jina hilo. Anaitwa Eliane. Alizaa pale, mtoto mwanaume, wakamwita Phinées. Ana sufuria moja, na hamwazimi mtu.

Mashini ilikuwa inanguruma, na mjomba aliiacha ipungue mzigo, akaizima mwenyewe, kwa mkono, vizuri, ili isirushe balbu za mtu. Akaja mbele ya Jokébed. Hakumshika, hakupiga kelele. Alisema watu wanaitwa Eliane wengi. Akauliza kama huyo anasema kitu kingine juu ya bwana wake.

Jokébed akafikiri. “Anasema, kama bwana yake iko muzima, iko na koti ya baba yake. Anasema mutamujua juu ya uzi mwekundu ndani.”

Mjomba akaenda jikoni. Alikawia. Aliporudi alikuwa na koti mkononi, kavu, linanuka moshi. Aligeuza upande wa ndani, akamwonyesha.

Mama ndiye aliyelia, si yeye.

Kamyo ya Jokébed ilitengenezwa kesho yake, na ingepita asubuhi kwa barabara kubwa. Mama alimfungia bunga na maharagi kwa gunia, akaongeza kitenge cha kubebea mtoto. Papa Lusenge alipanda kuaga, akamwambia asitundike kitu juu ya kitu huko Beni, na walicheka wote wawili wakishikana mikono. Ukungu ulikuwa umerudi. Asubuhi hiyo mjomba hakushuka kwa njia ya Manguredjipa.

Gunia lilikuwa tayari kichwani, mikono miwili imelishika, alipokumbuka koti.

“Shemeji,” alimwambia Papa, “unipe koti yangu.”

Papa alisita. Akamwangalia Mama. Kisha aliingia jikoni, akalitoa kwa msumari kwa mikono miwili, akaja, na akalitandika juu ya mabega ya mjomba, akinyoosha kola polepole, mbele na nyuma, mpaka likakaa sawa.

Mjomba alishukuru. Alimwambia Mama abaki na amani. Alitusalimu sisi watoto, kila mmoja salamu nzima. Akapita kwa lango, akashuka kilima akiimba ule wimbo wake wa mashini, na ukungu ukamfunika kwanza miguu, kisha gunia. Wimbo tuliusikia bado kidogo. Nyuma yetu Papa aliinua ulimi wa dijonkteri, na mashini ikaanza kusaga. Mjomba Ézéchias hakurudi tena kwetu, alibaki Beni na watu wake, na Mama kila akipita kwa ule msumari mtupu anaugusa na kusema, “Vizuri.”